Ua la Vilimani Limehamia kwa Jirani

Kwako Bi Somo wa gazeti letu,

Salaam nyingi, na baada ya salamu nakushika miguu unisaidie, maana kichwa chaniuma kwa kuwaza, na huyu mume ninayelala naye kitanda kimoja sijui tena kama ni wangu peke yangu au nimegawana na mtu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa huku Msambweni, na barua hii naiandika kwa mkono wangu kwa kuwa nimesoma ngumbaru, kwa hiyo ukiona herufi zimepinda uniwie radhi, sikutaka kumpa mtu aniandikie kwa sababu mji wetu una masikio hata ukutani.

Mume wangu jina lake Alfani, ni mtu wa kazi ya barabara, na nataka ujue mapema kwamba hanipigi wala hanitukani, lakini maneno kwake ni kama maji ya kisima cha kiangazi, uvute mpaka uchoke ndipo upate tone. Tangu anioe ataleta unga, ataleta samaki, Idi ikifika ataleta kanga, basi, hajapata kunipa kitu cha kupendeza tu kisicholiwa wala kisichovaliwa. Sasa mwaka jana wakati wa vuli, siku zile kila mtu akiingojea Uhuru, walikuwa wakichonga barabara ya kupanda Kwale, na jioni moja akarudi na kopo la samli limejaa udongo, na ndani mna vimiche vya majani membamba, akaniambia, "Ua hili nimeliona kule vilimani Shimba, kando ya barabara, nikakukumbuka." Bi Somo usinicheke, neno hilo moja, nikakukumbuka, nimeliweka moyoni mpaka leo.

Nikavipanda karibu na mlango wa mbele, na siku za Uhuru zilipofika vikachanua, maua ya manjano yenye kitovu chekundu kilichokoza, asubuhi yafunguka na jua likiwa kali yajikunja, na jina lake hakuna alijuaye, sisi twaliita ua la vilimani tu. Watu wakaja kutazama. Akaja na Biasha, huyu jirani yangu, mjane, nyumba yake na yangu zatenganishwa na wigo wa miti, mtu niliyemhesabu dada, tulikuwa tukikopeshana chumvi na makaa, akaliinamia ua langu akalishika kwa vidole akasema, "Lo, zuri hili," na hakusema mashaallah. Kumbuka hilo, Bi Somo, maana halikupita sana, kaskazi ikaingia, ua likaanza kukauka, likawa vijiti na vifuko vikavu, na mimi nilikuwa nalimwagia maji ya kuoshea vyombo kila siku, halikosi kitu, nikajua hapa pana jicho la mtu.

Nikamwambia Alfani ua limekufa. Akasema, "Usiling'oe, liache kama lilivyo, litarudi." Sasa mwanamume asemaye kitu kilichokufa kitarudi, utamwelewaje? Nikaona ni maneno ya kunituliza. Na Ramadhani ilikuwa inakwisha, Idi iko karibu, mavyaa yangu, yaani mama yake Alfani, alikuwa anakuja kutoka Shimoni kula sikukuu kwetu, na mavyaa akiona vijiti vikavu vimesimama mlangoni atasema mwanawe ameoa mvivu. Nikaving'oa nikafagia. Maana mimi Bi Somo kwa kufagia najulikana, kabla ya jua nimeshamaliza uwanja mzima, ukidondosha sindano kwangu yaonekana, hakuna jani wala unyasi utakaolala na ukaamka. Si kama mwenzangu Biasha, ambaye uwanja wake ni aibu, majani yajiotea mpaka kizingitini, yeye husingizia mgongo. Hata taka zangu ni yeye aliyeniambia nizimwage kwake, kwa sababu alichimba shimo la udongo wa kukandikia nyumba na likabaki wazi pale nyuma ya wigo, akaniomba nimsaidie kulijaza, nami kwa wema wangu nimelijaza, takataka za miezi mingi mpaka likasawazika na ardhi. Wema wangu ndio huo, na malipo yake sasa yasikilize.

Masika zikaja. Kwangu mlangoni hakukuota kitu, udongo mtupu umeng'aa. Siku moja nachungulia wigoni nimwite Biasha anipe kijinga cha moto, nikaona kule kwake manjano, manjano matupu, si ua moja wala mawili, ni kama mtu ametandaza mkeka, ua langu la vilimani, lilelile lenye kitovu chekundu, limeota kwake juu ya lile shimo ambalo mimi mwenyewe nimechoka kulijaza. Nikajiuliza, Biasha hajapata kupanda Shimba maisha yake, mgongo wake huo hata kisimani huenda kwa kupumzika njiani, basi nani amemletea? Nani apitaye kule vilimani kila siku na jembe mkononi?

Jioni nikamwonyesha Alfani, nikimtazama usoni nimwone atakavyobadilika. Bi Somo, alicheka. Mtu asiyecheka alicheka, akasema, "Si nilikwambia litarudi?" Nikamuuliza, "Limerudi kwa nani?" Akanitazama, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hatuzungumzi ila mambo ya unga na watoto.

Basi nikaanza kulinda. Nikamwona kila asubuhi akienda kazini hapiti njia ya mbele, azunguka nyuma, asimama pale wigoni kwa Biasha na jembe begani, atazama, kisha ndiyo aende. Siku nyingine nikamwona Biasha amejifunga kanga mpya imeandikwa Nimepewa Sikuiba, na amepita nayo mbele ya nyumba yangu akaniamkia kwa sauti, sasa hiyo ni salamu au ni msumari? Na wiki iliyofuata akaja mpaka mlangoni kwangu, akafungua fundo la kanga, mna vimbegu vyeusi, akasema, "Mwenzangu, haya maua yamekauka mengine, chukua mbegu upande na wewe." Aniambie mimi na wewe! Ua nililoletewa mimi! Nikamwambia asante sina nafasi, maana kitu kitokacho mkono wa namna hiyo hujui kimefukizwa nini, ukikipanda mlangoni kwako umejifungia mwenyewe. Akafunga fundo lake akaenda.

Nikapanda mpaka Mkongani kwa mganga, Mungu anisamehe, akatazama akaniambia, "Kilicho chako kimevuka mpaka, na mkono uliokivusha uko karibu nawe." Sikumwambia habari ya wigo mimi, amejuaje?

Ndipo nikaenda kwa mzee Mwero, ambaye huku kwetu ndiye mwenye kulitia dawa papai la kiapo, nikamwambia nataka Biasha ale, akiwa ana lake na mume wangu mdomo utamvimba watu waone. Mzee akanieleza kwamba adaiye kiapo naye hula, nikasema nitakula. Amekubali, lakini amesema tungoje Maulidi yapite. Biasha amepelekewa habari. Hakuja kugombana. Alisimama upande wake wa wigo akaniambia, "Nitakula papai lako. Lakini chumvi ya nyumba yako sitaila tena mpaka naingia kaburini." Na Alfani aliposikia akaniambia, "Ukimpeleka yule mama kwenye kiapo, ujue na mimi umenipeleka. Tukirudi kutoka huko, wewe urudi kwenu."

Sasa Bi Somo, mtu asiye na hatia aogopa nini kiapo? Na Alfani kwa nini amtetea? Nikiliacha papai, watasema nimeshindwa na wataendelea mbele ya macho yangu. Nikilishika, huenda nikapoteza nyumba. Usiku silali, mchana naona manjano tu. Nifanye nini, nimlishe kiapo au nifunge mizigo yangu nitangulie mwenyewe kwetu?

Mimi niliyeibiwa, Msambweni.

MAJIBU YA BI SOMO

Mama wa watoto wanne, majina yenu nimeyageuza, kwa hiyo mji wako wenye masikio hautapata cha kusikia. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, kwa sababu mwanamke anayeishi na neno moja tu la mapenzi lazima aogope likiibwa. Mara ya pili nilitamani nije huko nikupokonye ufagio.

Mwizi unayemtafuta kwa mganga amesimama nyuma ya mlango wako, ni huo ufagio. Hebu jisome mwenyewe. Umesema ua likakauka likawa vijiti na vifuko vikavu. Ndani ya vifuko hivyo mlikuwa na nini? Umesema ukaving'oa ukafagia. Umesema taka zako zote ulizimwaga katika shimo la Biasha. Kisha masika zikaja na ua likaota wapi? Juu ya shimo. Mama, kama mimi niliye Mombasa, nisiyeijua nyumba yako, nimeona, wewe uliyezibeba taka hizo kwa ungo wako mwenyewe umeshindwaje kuona? Nitakwambia umeshindwaje. Ulikuwa umeshaamua ni nani, na mtu akishaamua, macho huwa ya pambo tu.

Wala ua hilo hakuna aliyeliua. Hukupata kupanda mchicha? Mchicha ukiachwa hutoa shada, humwaga mbegu, hufa, na mvua ikinyesha hujiotea pale pale bila kuombwa. Maua mengi ya porini ndiyo maisha yao, msimu mmoja basi. Yakishazaa yamemaliza kazi, na hata ungeyamwagia maji ya Zamzam yangekauka. Biasha kutosema mashaallah ni ulimi wake umesahau, mkumbushe siku nyingine kama dada. Mume wako alikwambia liache, litarudi. Alikuwa akikwambia habari ya mbegu, kwa maneno machache aliyojaliwa, nawe ukasikia habari ya mizimu. Na nikuulize, huyo mtu wa barabara hupita porini miaka yote, anayaona maua yakifa na kurudi, angeshindwaje kujua?

Sasa mashahidi wako wengine. Mganga amejuaje kwamba mkono uko karibu? Nani asiye na jirani? Angekwambia mkono uko Zanzibar ungemwamini? Kanga ya Biasha imechapwa kiwandani na watu wasiokujua, na dukani zilikuwako nyingi, wake wa Msambweni wangapi wamejifunga Nimepewa Sikuiba na hawakuwa na habari na mume wako? Lakini hata tuseme alikusudia. Alipewa kweli, na hakuiba. Wewe ndiye uliyempa, ungo baada ya ungo. Na alipoona kilichoota kwake ni chako, alifanya nini? Alikichuma akakufungia katika fundo la kanga akakuletea mlangoni. Mwizi gani huyo arudishaye mali mchana kweupe? Ukamwambia huna nafasi. Hapo, mwanangu, nimekuonea aibu.

Sikuapii kwamba Alfani ni malaika, sijamwona. Siku ukija na jambo lenye kichwa na miguu nitalisikiliza, na nitakuwa upande wako. Lakini ua hili halimtolei mtu ushahidi. Umeniuliza kwa nini mtu asiye na hatia aogope kiapo. Biasha hakukwambia anaogopa, amekwambia atakula. Kinachomuuma ni kwamba wewe umethubutu kumwita. Jirani aliyeitwa kwenye papai hata mdomo wake ukibaki mzima moyo hauponi, na mume wako anaijua tofauti hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi, na usianze kesho kutwa. Leo hii nenda kwa mzee Mwero ukaliondoe neno lako kabla ya Maulidi, umwambie umekosea, sema kwa kinywa chako, usimtume mtu. Papai libaki la kuliwa na watoto. Watakaosema umeshindwa waache waseme, watachoka.

Ukitoka hapo chukua ufagio wako hodari uende kwa Biasha. Mgongo unamuuma kweli, si kisingizio, wewe mwenyewe umeandika kwamba hata kisimani hupumzika njiani, ila ulikuwa na haraka ya kumcheka. Mfagilie uwanja wake, usifike penye maua. Atakutazama, mwache atazame. Ukimaliza mwombe radhi bila kumtaja mganga, bila kumtaja kanga, bila kusema "lakini". Mwombe zile mbegu. Kama moyo wake bado mzito hataki kukupa, rudi kesho yake ufagie tena. Siku atakapokutumia kipande cha kaa ujue mambo yameanza kupoa, na chumvi usimpelekee wewe, ingoje aje kuiomba mwenyewe.

Mbegu ukizipata zianike kivulini, zifunge katika kitambaa, si katika kopo, zitaota ukungu. Vuli zikianza, parura udongo mlangoni kwako kwa ncha ya jembe, zinyunyize, zifunike kidogo kwa kiganja, usizifukie kama mahindi. Samadi usitie. Ua la porini ukilishibisha hutoa majani likasahau kuchanua. Pazungushie mawe ili mguu na ufagio vijue mpaka. Vimiche vikitoka vitafanana na magugu, na mkono wako nauogopa, kwa hiyo mwite Alfani akuonyeshe kipi ni kipi. Hapo utakuwa na sababu ya kuzungumza naye jambo lisilo unga. Vikisongamana punguza, na vya kupunguza usivitupe, mpe mtu. Maua yakianza kukauka yaache, mpaka vifuko vipasuke vyenyewe na mbegu zianguke zinakotaka. Mavyaa yako akija sikukuu akauliza vijiti hivi ni vya nini, mwambie ni zawadi ya mwanawe, imelala.

Limebaki moja, nalo ndilo lililokuondolea usingizi. Unataka kujua mumeo husimama pale wigoni kila asubuhi kutazama nini. Anatazama ua alilokuletea wewe. Angelitazama kwako, lakini kwako umelifagia.

Kwa hiyo alfajiri ukiinama na ufagio wako, ukifika pale karibu na mlango, paruke.